Nyasi za Katani kwa Uwanja wa Vita wa Mezani

SWALI: Natengeneza uwanja wa mchezo wa vita wenye vinyago vya askari vya milimita 28. Nyasi za dukani ni ghali. Nifanyeje?

JIBU: Tafuta kamba ya katani. Kata vipande vya sentimita 3, fumua nyuzi, uziloweke katika rangi ya akriliki iliyozimuliwa kwa maji, kisha zianike. Tia kijani na kahawia, kwani nyasi halisi hazina rangi moja.

Shika kishungi kidogo kwa kibano, chovya shina kwenye gundi nyeupe ya mbao, ukisimamishe katika tundu ulilotoboa uwanjani. Gundi ikishakauka, punguza ncha kwa mkasi, nyingine ndefu, nyingine fupi. Milimita 15 humfika askari karibu na kiuno. Usiharakishe: nyuzi mbichi hazishiki gundi vizuri.