Kufundisha Hifadhi ya Barua Pepe katika Kompyuta ya Pamoja

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo wa ualimu kufundisha jambo ambalo wengi hulipita juu juu: barua pepe inapofika katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi, iwekwe wapi? Mahali hapo huchaguliwa na msimamizi, na uchaguzi wake ndio unaoamua ni nani atakosa barua siku nafasi itakapokwisha.

Msingi wa Somo

Tuchukue mfano wa Unix, mfumo uliotungwa katika maabara ya Bell nchini Marekani, ambao tangu 1971 ulikuwa na programu ya barua. Baadaye ilienea desturi ya kuweka barua za kila mtumiaji katika faili moja lenye jina lake, na mafaili yote katika saraka moja ya pamoja. Katika mifumo mingi saraka hiyo huitwa /var/mail. Hali hii yafanana na masanduku ya posta: kila mtu ana lake, lakini yote yamo katika jengo moja.

Njia ya pili ni kuziweka barua katika saraka binafsi ya kila mtumiaji, kama barua zinazopelekwa hadi nyumbani. Mtindo uitwao Maildir, uliotungwa na Daniel J. Bernstein katika miaka ya 1990, hutumika sana kwa njia hii. Humo kila barua ni faili peke yake, ndani ya saraka tatu: tmp inapoandikwa, new inapokuwa imefika, na cur baada ya kuonwa na programu ya msomaji.

Faida na Hasara

Saraka ya pamoja ni rahisi kusimamia na kutolea nakala za akiba. Lakini pasipo kipimo, mtumiaji mmoja anayelimbikiza barua aweza kuijaza diski, na barua za wenzake wote zikakosa pa kuwekwa. Tena, programu mbili zikiandika katika faili moja kwa wakati mmoja bila kufungiana zamu, barua huharibika.

Katika saraka binafsi, barua huhesabiwa katika nafasi aliyogawiwa mtumiaji mwenyewe; akiijaza, hasara ni yake. Hata hivyo, ikiwa saraka hizo zimo katika kompyuta nyingine na mtandao ukakatika, barua hazina budi kusubiri.

Hatua za Somo

Zana: sanduku moja la karatasi ngumu, makopo madogo, na vipande vya karatasi.

1. Wanafunzi watie "barua" za darasa zima katika sanduku moja. Mmoja wao apelekewe barua nyingi mpaka sanduku lijae. Kisha mwalimu amwite mwingine alete barua ya rafiki yake, na aulize: Je, huyu amekosa nini?

2. Kila mwanafunzi apewe kopo lake, na zoezi lirudiwe. Wataje wenyewe tofauti waliyoiona.

3. Makundi yatunge kanuni za kugawa nafasi, na kila kundi litetee kanuni zake.

Mwalimu asitangaze kwamba njia moja ndiyo sahihi. Sanduku la pamoja lenye kipimo kwa kila mtu laweza kufaa, na makopo yasiyotosha yaweza kudhuru. Leo programu zinazotumia utaratibu wa IMAP, ulioanza 1986, humwonyesha msomaji barua bila kumwonyesha mahali zilipo. Kwa sababu hiyo somo hili lina uzito zaidi: asiyejua kwamba mahali palichaguliwa hataweza kuuliza kwa nini barua yake haikufika.

Mazoezi

1. Eleza kwa nini kipimo cha nafasi humlinda hata yule asiyelimbikiza barua.

2. Shule ina kompyuta moja na walimu ishirini. Chagua mahali pa kuhifadhi barua zao, na utoe sababu tatu.

3. Andaa somo la dakika arobaini kwa kutumia zana zipatikanazo katika mazingira yako.