UCHAGUZI WA MATAIRI NA RINGI KWA PIKAPU ZIBEBAZO MIZIGO MIZITO

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye pikapu naye huweza kuingia katika kosa hilo, kwani si yeye abebaye mzigo bali ni matairi manne ya gari lake. Katika barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga hadi Bagamoyo, na katika ile ya kilomita 64 iunganishayo Bagamoyo na Msata, pikapu hupita zikiwa na saruji, mchanga, chumvi, samaki na mananasi ya Kiwangwa. Sehemu ya shehena hiyo huishia ufukweni Bagamoyo na kupakiwa majahazini kuvushwa hadi Unguja. Kwa hiyo jambo hili linawahusu wakazi wa visiwani sawa na wale wa mwambao.

Tairi la nyuma likipasuka gari likiwa na mzigo mzito na mwendo mkali, dereva hupoteza udhibiti na gari huweza kupinduka. Atakayeumia huenda akawa dereva, utingo, au mtoto aliyesimama kando ya barabara akirudi shule. Ajali za namna hiyo nyingi zinaweza kuepukwa, kwa sababu uwezo wa kila tairi umeandikwa ubavuni mwake. Somo hili linakusudia kueleza namna ya kuyasoma maandishi hayo na kuyatumia.

KUUJUA UZITO WA MZIGO

Nahodha wa jahazi hutazama ubavu wa chombo ukizama majini, akajua wakati wa kusimamisha upakiaji. Dereva wa pikapu hana kipimo hicho; hana budi kupiga hesabu. Mfuko wa saruji una kilo 50, hivyo mifuko 20 ni tani moja kamili. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo pipa la lita 200 lina kilo 200 kabla ya kuhesabu uzito wa pipa lenyewe.

Mchanga ndio udanganyao zaidi. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu hukaribia tani 1.6, na mchanga ukirowa huzidi hapo. Sanduku la pikapu lenye urefu wa mita 2.2, upana wa mita 1.5 na kina cha mita 0.4 huchukua mita za ujazo 1.3. Likijazwa hadi ukingoni uzito hupita tani mbili, ilhali pikapu nyingi za kawaida zimeundwa kubeba takriban tani moja. Kujaa kwa sanduku, basi, si kipimo cha uzito.

KULISOMA TAIRI

Chukua mfano wa tairi lililoandikwa 195R14C 106/104. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Herufi R yaonyesha kuwa tairi ni la aina ya radiali. Namba 14 ni kipimo cha ringi kwa inchi. Herufi C yaonyesha kuwa tairi limetengenezwa kwa ajili ya magari ya biashara yabebayo mizigo. Herufi hiyo ni ndogo, lakini ni muhimu mno.

Namba 106/104 ndizo namba za uzito. Ya kwanza hutumika pale ambapo kila upande wa ekseli una tairi moja. Ya pili hutumika pale ambapo matairi mawili yamefungwa pamoja kila upande. Namba hizo si kilo zenyewe, bali zina maana iliyokubaliwa na watengenezaji: 91 ni kilo 615, 100 ni kilo 800, 104 ni kilo 900, 106 ni kilo 950, 110 ni kilo 1,060, na 112 ni kilo 1,120. Uzito huo ni wa tairi moja.

Mafundi wengi huulizia "plai" za tairi, yaani plai 6, 8 au 10. Kipimo hicho chafaa kulinganisha nguvu za matairi, bali katika matairi ya sasa hakina maana kwamba tairi lina tabaka 8 au 10. Namba ya uzito ndiyo yenye kauli ya mwisho.

MFANO WA HESABU

Tuseme pikapu tupu ina kilo 1,400, ambazo 800 zinaelemea matairi ya mbele na 600 ya nyuma. Imepakiwa mifuko 20 ya saruji, yaani kilo 1,000. Kwa kuwa sanduku liko nyuma, tuseme kilo 900 za mzigo huo zinaangukia ekseli ya nyuma. Dereva na utingo wakiongeza kilo 60 upande huo, ekseli ya nyuma itabeba jumla ya kilo 1,560, na kila tairi la nyuma kilo 780.

Mwenye gari akiwa amefunga matairi ya gari dogo la abiria yenye namba 91, kila tairi la nyuma limezidishiwa kilo 165, ingawa kwa macho tairi ni jipya na linang'aa. Akiwa amefunga tairi la C lenye namba 106, uwezo ni kilo 950 na inabaki akiba ya kilo 170. Akiba hiyo inahitajika, kwa sababu gari likitumbukia katika shimo au kukata kona, uzito huhamia upande mmoja kwa ghafla.

Mwenye gari huyohuyo akipakia mifuko 30, kila tairi la nyuma litabeba kilo 1,005, na hata tairi la C halitoshi tena. Wapo wadhanio kuwa dawa ni kununua tairi lenye nguvu zaidi. Hilo ni kosa. Tairi lenye nguvu haliongezi nguvu za ekseli, springi, beringi wala breki. Kikomo cha gari ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji katika kibati chake, na dawa ya mifuko 30 ni safari mbili.

RINGI NAZO ZINA KIKOMO

Ringi pia huandikwa uzito wake, mara nyingi upande wa ndani. Ringi za aluminiamu zitokazo Japani huwa na alama JWL zikiwa za magari madogo ya abiria, na JWL-T zikiwa za malori na mabasi. Ringi inayong'aa ya gari la abiria huweza kuingia katika boliti za pikapu, lakini haikuundwa kwa kazi hiyo na huweza kupasuka. Nati nazo sharti zilingane na umbo la matundu ya ringi, na zikazwe upya baada ya mwendo mfupi tangu gurudumu lifungwe. Ringi pana zinazotokeza nje ya gari zaidi ya zile za asili huongeza mzigo juu ya beringi.

Katika mwambao kuna adui mwingine, naye ni chumvi. Maji yatonayo kutoka katika matenga ya samaki na magunia ya chumvi hula chuma cha ringi na springi. Ringi yenye kutu mahali tairi linapokalia hupoteza upepo kidogo kidogo bila dereva kutambua. Yafaa gari lioshwe kwa maji baridi yasiyo ya bahari kila baada ya shehena ya namna hiyo, sehemu za chini zikiwemo.

UPEPO NA JOTO

Kilo 950 za tairi namba 106 hupatikana tu pale tairi linapokuwa na upepo wa kutosha. Tairi la 195R14C la plai 8 huandikwa paundi 65 kwa inchi ya mraba kuwa ndio upepo wa mzigo kamili. Likijazwa paundi 35 kama la gari dogo, ubavu wake hujikunja kila linapozunguka, joto hupanda, mpira huachana na nyuzi zake, na mwisho wake ni kupasuka. Ndiyo maana tairi lililopita salama mitaani hupasuka baada ya mwendo mrefu wa kasi juu ya lami ya mchana.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa limepoa. Lililopata moto lisipunguzwe upepo, kwani likipoa litakuwa na upungufu. Dereva apunguzaye upepo ili apite katika mchanga wa pwani hana budi kuurudisha kabla ya kuingia barabara ya lami.

MATAIRI YALIYOKWISHA TUMIKA

Matairi ya mitumba huuzwa kwa bei nafuu, na si kila mtu mwenye uwezo wa kununua jipya. Anunuaye atazame mambo matatu. Kwanza, namba ya uzito. Pili, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, iwapo alama hiyo ipo: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka kwa jua hata usipotembea, na nyufa ndogo ubavuni ni dalili ya uzee huo. Tatu, mifereji ya tairi: ikifikia vinundu vilivyo ndani yake, ambavyo kwa kawaida vina kimo cha milimita 1.6, tairi limekwisha. Matairi mawili ya ekseli moja yawe ya aina na kipimo kimoja, na tairi la akiba liwe na uwezo sawa na mengine.

Wasimamizi wa magari ya umma na wananchi wenye pikapu wanahimizwa kuandika katika daftari la gari mambo manne: uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba, namba ya uzito ya matairi yake, upepo unaotakiwa, na tarehe ya kila tairi. Fundi akileta tairi, lilinganishwe na daftari kabla ya kufungwa. Bei ya tairi sahihi hulipwa mara moja. Tairi lisilo lake huweza kugharimu gari, shehena na roho za watu.