Uji wa Karanga Asubuhi

Ndugu mtumikaji, na wewe mama wa nyumba, kule Dilolo unga wa muhogo haukosi. Uji wake unajaza tumbo, lakini haujengi mwili. Mtoto anayekula huo tu kila siku anaweza kuvimba miguu, na nywele zake zikageuka rangi. Hiyo ni kwashiorkor. Na baba anayeanza zamu ya asubuhi na uji mtupu, njaa inamkamata kazini mapema.

Dawa ni karanga. Chukua kopo 1 la unga na nusu kopo ya karanga. Kaanga karanga kidogo, toa maganda, twanga mpaka zitoe mafuta. Koroga unga kwanza katika maji baridi, usifanye madonge. Mimina katika makopo 4 ya maji yanayochemka, koroga dakika 15. Ndipo utie karanga, upunguze makala ya mbabula, dakika 5 tena. Utakuwa laini kama wenye maziwa.

Lakini angalia! Karanga zenye ukungu, zilizokunjamana ao chungu, tupa. Sumu yake inaharibu maini, na kupika hakuiondoi. Wengine wanazitwangia watoto ili zisipotee bure: hesabu mbaya kabisa.

Muhogo mchungu nao uloweke siku 3 ao zaidi mpaka ulainike, kisha uanike juani. Usipolowekwa vizuri unaleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiopona. Ukinunua unga sokoni, muulize muuzaji: muhogo ulikaa majini siku ngapi?