MAFUTA YA DIFU ISIYO NA TUNDU LA KUJAZIA

Nyegezi, kusini ya mji wa Mwanza, pana kituo kikubwa cha mabasi. Mkifika hapo, watoto, litazameni lori au basi kwa nyuma, chini, katikati ya magurudumu. Mtaona chuma kinene, kama chungu kilichofunikwa. Hicho huitwa difu. Ndani yake mna meno ya chuma, nayo huishi kwa mafuta.

Kazi ya difu ni nini? Wanafunzi sita na washikane mikono, wasimame mstari mmoja, kisha wageuke kona pamoja. Aliye ndani hupiga hatua fupi, aliye nje hupiga hatua ndefu. Magurudumu ya gari ni vivyo hivyo: la nje huenda mbali kuliko la ndani. Kama yangefungwa kwa chuma kimoja, moja lingeburuzwa. Difu huyaruhusu yazunguke kwa mwendo mbalimbali. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alibuni mtambo wa namna hii kwa gari la mvuke mwaka 1827.

Nguvu ya injini huja kwa shafti ndefu mpaka gurudumu dogo la meno, liitwalo pinieni, nalo huzungusha gurudumu kubwa liitwalo krauni. Krauni imetota katika mafuta kwa upande wa chini. Izungukapo huyarusha juu, yakalowesha meno yote. Mafuta yakipungua, meno husagana, hupata moto, mwisho huvunjika, na gari lenye watu hukwama njiani. Yakizidi, hupenya kwenye sili za ekseli yakafika kwenye breki, na breki iliyolowa mafuta haishiki. Basi machache ni hatari, na mengi ni hatari pia.

Difu nyingi zina tundu ubavuni lenye kizibo. Fundi humimina mpaka mafuta yaanze kutoka. Hapo hujua kwamba yametosha, maana tundu lenyewe ndilo kipimo. Lakini baadhi ya difu za zamani hazina tundu hilo, na nyingine lilizibwa kwa kulehemu. Hapo fundi hukosa vitu viwili pamoja: mlango na kipimo. Yampasa kufanya hivi:

1. Asimamishe gari mahali tambarare, azuie magurudumu kwa mawe au magogo. Asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

2. Atafute katika kitabu cha gari kiasi cha mafuta kinachotakiwa, na aina yake. Baadhi ya mafuta makali ya siku hizi hula vipande vya shaba vilivyomo katika difu za kale.

3. Amwage mafuta yote ya zamani yangali vuguvugu, kwa kuwa ya moto hutiririka kuliko ya baridi. Asipoyamwaga yote, hawezi kujua aongeze kiasi gani.

4. Afute vumbi juu ya difu, kisha afungue tundu dogo la kupumulia. Kwa mrija mwembamba amimine polepole kiasi kile alichopima, wala asizidishe. Haba na haba hujaza kibaba.

5. Kama hana kitabu, asikisie. Afungue kifuniko cha difu, aone kwa macho yake mafuta yafike wapi, au aulize fundi aijuaye ekseli ya namna ile.

Wako watu ambao, kwa haraka, hutoboa tundu jipya kwa keekee, na meno yangali ndani. Hilo ni kosa kubwa. Vumbi la chuma huanguka katika mafuta, na krauni hulisambaza kila mahali. Atakaye kutoboa sharti kwanza atoe meno yote, kisha aoshe chungu kiwe safi kabisa.

Tundu la kupumulia lina jambo jingine. Gari likitembea, hewa iliyo ndani ya difu hupata moto, hutanuka, hutoka. Dereva akiliingiza mara moja katika maji ya ziwa ili alioshe, hewa ile hupoa na kusinyaa, na difu huvuta maji ndani. Mafuta yaliyochanganyika na maji hugeuka rangi kama maziwa, wala hayalindi meno tena. Tena mafuta yaliyo nje ya gari huingia ziwani, tunamovua samaki na kuteka maji. Kwa hiyo gari lioshwe mbali na ufuo, na mafuta machafu yatiwe katika debe, yasimwagwe mtaroni.

Fundi mwema hujulikana kwa kazi isiyoonekana. Abiria hawaoni ndani ya difu, humwamini aliyepima.

MASWALI

1. Kwa nini gurudumu la nje huenda mbali kuliko la ndani katika kona?
2. Taja hatari ya mafuta machache, na hatari ya mafuta mengi.
3. Kwa nini fundi humwaga kwanza mafuta yote ya zamani?
4. Maji huingiaje katika difu yenye moto?