Namba ya simu siyo simkadi

Wenzangu, hapa Burnsville wengi tumetunza laini ya nyumbani kwa ajili ya M-Pesa, ila tukiongea tunachanganya namba tatu ambazo waraka wa 3GPP, TS 23.003, umezitenganisha.

MSISDN ndiyo namba unayompa mama. Ya Kenya huanza 254. IMEI ni ya simu yenyewe, tarakimu 15 (bonyeza *#06# uione). IMSI imo ndani ya simkadi: 639 kwa Kenya, 640 Tanzania, 641 Uganda.

Sasa, ukiwasha laini ya Kenya huku, mtandao wa Marekani hausomi 254. Unasoma IMSI, unaona 639, ndipo unauliza Kenya. Kule kuna daftari, HLR (HSS kwa 4G), linaloiunganisha na MSISDN yako. Tapeli akijifanya wewe akapewa simkadi mpya, kinachobadilika ni IMSI tu. Simu unayo mkononi, namba ni ile ile, lakini ujumbe wa benki unamfikia yeye!

Kwa hiyo laini ikikatika ghafla, usikae ukizima na kuwasha simu kama nilivyofanya mimi saa nzima. Azima simu, pigia kampuni yako, uliza: simkadi yangu imebadilishwa?