Kisado, Kikombe na Kilo: Namna ya Kugeuza Ujazo Kuwa Uzito

Mkazi wa Kizwite, katika Manispaa ya Sumbawanga, hununua maharage kwa kisado, sukari kwa kilo na mafuta ya alizeti kwa lita. Akifika jikoni hupima vyote kwa kikombe. Kisado, lita na kikombe hupima ujazo, yaani nafasi ambayo kitu hujaza. Kilo hupima uzito. Anayetaka kulinganisha bei ya kisado na bei ya mizani hana budi kugeuza kimoja kuwa kingine.

Hakuna namba moja inayofaa kwa bidhaa zote. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, lakini kati ya punje na punje mna hewa. Lita moja ya mchele iliyosawazishwa mdomo ina takriban gramu 800 hadi 850. Maharage makavu, gramu 750 hadi 800. Mahindi makavu, gramu 700 hadi 750. Mbegu za alizeti ni nyepesi mno: debe la lita 20 huenda lisifike hata kilo 9, ilhali debe hilohilo la mahindi, likisawazishwa, hukaribia kilo 15. Debe lenye kilele ni jambo jingine, na hapo ndipo mkulima wa Ufipa anapopoteza mazao yake bila kulipwa.

Tuseme kisado cha lita 4 cha maharage kinauzwa shilingi 6,800, na kwenye mizani kilo moja ni shilingi 2,000. Kisado kilichosawazishwa kina takriban kilo 3.1, hivyo kila kilo imekugharimu karibu shilingi 2,200. Kitako kikiwa kimebonyezwa hata ujazo ukabaki lita 3.6, unapata kilo 2.8 tu, na bei ya kilo hupanda hadi shilingi 2,400 na zaidi. Kisado cha nyumbani ni rahisi kukikagua: kimiminie maji kwa chupa ya lita 1. Kikifurika kabla ya chupa ya nne kwisha, si cha lita 4.

Unga unahitaji uangalifu zaidi. Kikombe cha mililita 250 cha unga wa ngano uliomiminwa taratibu kina gramu 125 hadi 150. Ukiushindilia, huzidi hapo, na maandazi yakawa magumu ukadhani kosa ni la hamira. Kikombe hichohicho cha sukari kina takriban gramu 200. Tunashauri upime mara moja kwa mizani iliyohakikiwa: kwanza chombo kitupu, kisha kikiwa kimejaa, toa cha kwanza katika cha pili, na uandike jibu ukutani mwa jiko.

Mafuta nayo ni mepesi kuliko maji. Dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti lina takriban kilo 18.4, anayekuuzia kama kilo 20 amekupunja zaidi ya kilo moja na nusu.

Mizani ya biashara hutakiwa kuhakikiwa kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Tazama stika ya uhakiki kabla ya kulipa. Ukiwa na shaka, fika ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa ukiwa na bidhaa yenyewe, kabla hujaitumia.