Dula: Faida na Gharama za Kuwa na Msaidizi Wakati wa Uchungu

Leo tuzungumzie neno ambalo wengi wetu tulioko Marekani hulisikia kliniki mimba ikiwa imeshakua: nesi anakuuliza kama una dula, nawe unaitikia kwa kichwa tu ukidhani ni dawa au aina fulani ya kipimo. Kwenye karatasi zao utaliona limeandikwa "doula".

Dula ni mtu, mara nyingi mwanamke, aliyepata mafunzo ya kukaa na mama mjamzito kabla ya kujifungua, wakati wote wa uchungu, na siku za mwanzo baada ya mtoto kuzaliwa. Si daktari, si nesi, wala si mkunga. Neno limetoka Kigiriki, maana yake mtumishi wa kike, na lilianza kutumika kwa jambo hili miaka ya 1970 kupitia maandishi ya Dana Raphael, mtaalamu wa mila na desturi za binadamu.

Lakini kazi yenyewe si ngeni kwetu. Nyumbani hakuna aliyeiita kazi. Mama mzazi, shangazi, mama mkwe au jirani aliyekwisha zaa watoto wake sita ndiye aliyekusugua mgongo, akakwambia sasa tembea, sasa pumzika, na baadaye akakukanda kwa maji ya moto na kukupikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini iishe. Kweli, hospitali nyingi za kule hazikuwaruhusu ndugu kuingia chumba cha kujifungulia, ila ulijua wako nje na chupa ya chai.

Huku mambo ni mengine. Mama ameomba viza akanyimwa. Dada yuko jimbo jingine. Mume ana zamu ya usiku na akikosa siku tatu kibarua kinaota nyasi. Nesi wa wodini ana wagonjwa wengine na zamu yake ikiisha anakuja mwingine usiyemjua. Daktari mara nyingi utamwona dakika chache, halafu tena mtoto anapokaribia kutoka. Na uchungu wa mimba ya kwanza unaweza kuchukua saa 12, 18 au zaidi. Mtu anayebaki nawe muda wote huo, asiyetazama saa, ndiyo bidhaa unayoinunua unapomlipa dula. Mengine yote ni nyongeza.

Anafanya nini hasa? Kwa kawaida mnakutana mara moja au zaidi kabla ya siku yenyewe, mnazungumza unavyotaka kujifungua na unachoogopa. Uchungu ukianza unampigia simu. Anakukanda kiuno, anakusaidia kupumua, anakubadilisha mkao, anakukumbusha kunywa maji na kwenda haja ndogo. Daktari akisema jambo usilolielewa, anakusaidia kuuliza: hii ni ya nini, ina hatari gani, tukisubiri kidogo itakuwaje? Mtoto akishazaliwa anakusaidia kumweka titini, na wengi huja nyumbani mara moja au mbili.

Asichofanya ni muhimu vilevile. Hapimi mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, hasikilizi mapigo ya moyo wa mtoto, hatoi dawa, hazalishi, wala haamui kwa niaba yako. Ukikutana na dula anayekwambia usiende hospitali, au kwamba yeye peke yake anatosha kukuzalisha nyumbani, mkimbie.

Je, kuna faida iliyothibitishwa au ni mtindo wa wenye fedha? Utafiti upo, na ni wa miaka mingi. Madaktari Marshall Klaus na John Kennell na wenzao walifanya uchunguzi Guatemala na kuuchapisha mwaka 1980: akina mama waliokaa na mwanamke wa kuwafariji walichukua wastani wa saa 8.8 kujifungua, na waliokuwa peke yao saa 19.3. Binafsi nisingependa mtu akuahidi tofauti kubwa namna hiyo, kwani walikuwa wanawake wachache katika wodi iliyojaa. Mwaka 1991 Kennell na wenzake walichapisha utafiti mwingine, wa hospitali ya umma mjini Houston. Waliokuwa na dula walijifungua kwa upasuaji asilimia 8, na wasiokuwa naye asilimia 18.

La kuaminika zaidi ni mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2017, yaliyokusanya tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17. Yalionyesha kuwa mwanamke mwenye mtu wa kukaa naye mfululizo ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, upasuaji unapungua kwa takriban robo, dawa za maumivu hutumika kidogo zaidi, na uchungu unafupika kwa kama dakika 40. Wachache zaidi walisema walikuwa na kumbukumbu mbaya ya siku ile. Katika nchi ambayo karibu mama mmoja kati ya watatu hujifungua kwa upasuaji, robo si jambo dogo, hasa kwako uliye na watoto wengine na hakuna wa kukuinulia ndoo ya nguo wakati kidonda kinapona.

Kuna jambo jingine ambalo lazima tuliseme wazi. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kuwa wanawake weusi hufa kwa sababu za ujauzito na uzazi takriban mara tatu ya wanawake weupe. Sababu ni nyingi, na moja inayotajwa sana ni kutosikilizwa. Dula hawezi kuzuia kifafa cha mimba wala kutokwa na damu nyingi. Anachoweza ni kuwepo pale unaposema kichwa kinapasuka au unaona vimulimuli, akakusaidia usinyamaze kwa heshima. Sisi tumelelewa kutombishia daktari. Kuuliza si kubisha. Na kumbuka hatari haziishi ukitoka hospitali: damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, kifua kubana, kupumua kwa shida, maumivu makali ya kichwa yasiyotulia au degedege, piga 911, usimsubiri dula wala mume atoke kazini.

Sasa tuje kwenye fedha. Ukimwajiri mwenyewe, bei ya kawaida ni kati ya dola 800 na 2,500. Miji mikubwa ya gharama huzidi hapo, na anayeanza kazi hutoza pungufu, kwani wengine wanahitaji kuhudhuria uzazi kadhaa ili wapate cheti. Usione haya kuuliza kama anapokea kidogo kidogo kwa mwezi. Wengi hukubali ukiwaambia mapema.

Lakini kabla ya kufungua pochi, tazama kama unaweza kumpata bure. Bima ya Medicaid katika majimbo kadhaa sasa inalipia dula. Oregon na Minnesota walitangulia, Minnesota ikianza mwaka 2014, na California ilianza tarehe 1 Januari 2023 kupitia Medi-Cal. Majimbo mengine yamefuata na kila moja lina masharti yake, kwa hiyo piga namba iliyo nyuma ya kadi yako na uulize: mnalipia dula, mara ngapi, na orodha yenu ya madula naipata wapi? Kama hadhi yako ya uhamiaji inakutia wasiwasi usijiondoe mwenyewe. Majimbo mengi yana mpango wa kuwahudumia wajawazito bila kujali hati, na mfanyakazi wa jamii wa kliniki yako anaufahamu. Baadhi ya hospitali zina madula wa kujitolea, na yapo mashirika ya jamii yanayofanya kazi hii kwa familia za kipato kidogo, kama Open Arms Perinatal Services ya Seattle.

Kosa ambalo ningependa mliepuke ni kumlipa dula kwa sababu tu anajua Kiswahili. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Ni haki yako kwa sheria, haina uhusiano na dula. Mwombe mkalimani mapema, na useme ni Kiswahili cha wapi, maana mtu wa Bukavu na mtu wa Tanga wanaweza kupishana. Dula akikusugua mgongo huku akitafsiri karatasi ya ridhaa ya upasuaji, moja kati ya kazi hizo mbili itaharibika.

Akina baba wengine husema, "Mimi nipo, huyo wa nini?" Kaka yangu, ukiwepo ni vizuri mno, na dula hakufukuzi. Atakuonyesha pa kukanda, na utapata nafasi ya kula au kulala nusu saa. Na kama kwa mila au dini yenu mume haingii chumbani, hapo dula ana thamani zaidi.

Na kama fedha hakuna na Medicaid ya jimbo lako hailipi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 huko New Jersey ulihusu wanawake 600 waliokuwa wanazaa kwa mara ya kwanza. Nusu yao walichagua rafiki au ndugu wa kike, naye akafundishwa vipindi viwili tu vya saa mbili mbili. Akina mama hao walijifungua haraka zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo kama una dada wa kanisani, msikitini au wa kikundi chenu cha upatu, mtulivu, asiyependa kusimulia vifo vya wazazi, mwombe sasa na uende naye kwenye darasa la uzazi hospitalini. Mtu mzima asiyepaniki ni bora kuliko cheti cha mtu usiyeelewana naye.

Ukiamua kuajiri, mtafute mapema, mimba ikiwa na miezi minne hadi sita, na zungumza na wawili watatu. Waulize wamehudhuria uzazi mara ngapi, kama wamewahi kumhudumia mama aliyekeketwa ikiwa hilo linakuhusu (mweleze pia daktari au mkunga wako mapema), na nani atakuja badala yake akiwa kwa mama mwingine siku hiyo. Mkataba uwe wa maandishi: anakuja saa ngapi ukimpigia, anakaa mpaka lini, na ukifanyiwa upasuaji wa ghafla au mtoto akimtangulia kufika, fedha zipi zinarudi. Malipo ya awali kwa kawaida hayarudi. Dai risiti.